Mwalimu Aombaye kwa Ajili ya Darasa Lake

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twataka kuwawekea wasomaji wetu mas'ala tuliyoulizwa hivi karibuni katika darasa yetu. Mwenye kuuliza alikuwa mtu mmoja, lakini mas'ala yenyewe si ya mtu mmoja. Ni ya waalimu wengi wa pwani hii na wa bara, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, na ni ya kila mzazi aliyempeleka mtoto wake skuli. Kwa hivyo tumeona yafaa tuyajibu kwa kalamu, isiwe jawabu letu limesikiwa na wanne au watano waliokuwako usiku ule, na wengine wakabaki wakiulizana.

Alitujia baada ya sala ya Isha mwalimu wa skuli moja iliyo nje kidogo ya mji wa Mombasa. Skuli hiyo ilijengwa na wazee wa mtaa kwa michango yao. Asubuhi husomeshwa masomo ya serikali, na jioni Kurani na fikihi. Mkononi alikuwa na fomu ya taasisi moja ya kigeni itoayo ruzuku kwa skuli. Alikuwa akiomba kompyuta ishirini, projekta moja ya kuonyeshea picha ukutani, na paneli za umeme wa jua, kwa kuwa stima ya mtaa huo hukatika mara kwa mara. Alitaka tutie sahihi barua ya kumshuhudia.

Tulipoisoma fomu tukaona idadi ya wanafunzi imeandikwa 410. Nasi skuli hiyo twaijua. Watoto wa jirani zetu wasoma hapo, na wote pamoja hawazidi 260. Tukamwuliza, "Mwalimu, hawa mia na hamsini wametoka wapi?" Akainamisha kichwa, kisha akasema, "Sheikh, mwaka jana niliandika idadi ya kweli, nikanyimwa. Wenzangu wa skuli ya pili waliongeza, nao wakapewa. Nami nina watoto wa darasa la nane ambao hawajapata kugusa kompyuta hata siku moja."

Usiku ule hatukutia sahihi. Wala hatukumfukuza, kwani twamjua kuwa ni mtu mwema, anunuaye chaki na karatasi kwa mshahara wake mwenyewe. Tulimwambia atupe muda. Naye kabla ya kuondoka alituachia masuala matatu. La kwanza: je, kuomba huku ni katika kule kuomba kulikokatazwa na dini yetu? La pili: fomu yataka aeleze umasikini wa wanafunzi na atie picha zao, je, yafaa? La tatu: ikiwa jambo lenyewe ni la kheri, na kila mtu aongeza, je, yuko mwenye kudhurika kwa kuongeza idadi? Haya ndiyo tutakayoyajibu kwa uwezo wake Mola.

Ama suala la kwanza, hapana shaka kuwa sharia yetu imeuchukia mkono wa kuomba. Habari za mkono wa juu na mkono wa chini zajulikana na kila mtoto aliyekaa chuoni. Na Imamu Ghazali katika kitabu chake cha Ihya, kwenye mlango wa ufakiri, ametaja kuwa asili ya kuomba ni kukatazwa, ila kwa dharura au haja iliyo karibu na dharura, na akataja sababu tatu za kukatazwa huko. Sababu ya kwanza ni kuwa mwenye kuomba hudhihirisha mashtaka juu ya Mola wake, kana kwamba amemnyima. Ya pili, hujidhalilisha mbele ya asiyekuwa Mungu. Ya tatu, humuudhi aombwaye, ambaye pengine hutoa kwa haya wala si kwa ridhaa ya moyo wake.

Sasa tuzitazame sababu hizi kwa jicho la insafu. Mwalimu huyu hakuomba kwa ajili ya tumbo lake. Na taasisi atakayo kuiomba imetangaza yenyewe kuwa ina mali ya kutoa, ikawaita watu waje na haja zao. Basi hakuna wa kuona haya hapo, na sababu ya tatu imeondoka. Bali imepokewa katika Sahihi ya Imamu Muslim kisa cha Kabisa bin Mukhariki, ambaye alijitwika deni kwa ajili ya kuwasuluhisha watu, kisha akamwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, kumtaka msaada. Mtume hakumkemea. Alimwambia akae mpaka ije mali ya sadaka, na akamfahamisha kuwa kuomba ni halali kwa watu watatu, naye aliyebeba mzigo wa wengine akawa wa kwanza wao. Mwalimu abebaye mzigo wa watoto wa watu yuafanana na Kabisa kuliko anavyofanana na mwombaji wa mlangoni.

Lakini kisa hiki kina mambo mawili ambayo wengi huyasahau. Jambo la kwanza ni kuwa ruhusa hiyo ina mpaka: abebaye mzigo huomba hadi apate kiasi cha mzigo ule, kisha hujizuia. Jambo la pili ni kuwa yule wa tatu katika wale watatu, naye ni aliyefikwa na ufakiri, hakuachiwa kujisemea mwenyewe tu. Yataka washuhudie watu watatu wenye akili katika jamaa zake. Basi tumeruhusiwa kuomba, lakini tumefungwa kwa kiasi na kwa ushahidi. Mwenye kuruka mpaka huo ameiacha ruhusa nyuma yake na ameingia katika makatazo.

Ama suala la pili, la picha na kueleza umasikini, hapa ndipo sababu mbili zilizobaki za Imamu Ghazali zinaporudi. Mwenye kutoa ana haki ya kujua mali yake yaenda wapi, wala si uadui kumwuliza mwombaji maswali. Lakini mwalimu anapoandika kuwa watoto wake ni mayatima waliokata tamaa, nao wana baba na mama wauzao samaki na mbaazi na wawalisha kwa jasho lao, amewashtakia Mola wao kwa mdomo wake yeye. Na anapompiga picha mtoto aliyevaa sare iliyotatuka, akachagua huyo akawaacha walio nadhifu, basi unyonge ule hakujidhalilisha nao yeye. Amemdhalilisha nao mtoto asiyejua picha yake yapelekwa wapi. Mtu mzima akitaka kuuza heshima yake, dhambi ni yake. Heshima ya mtoto si mali ya mwalimu hata aiuze.

Tena yafaa tukumbuke kuwa picha za leo si kama za zamani, zilizokuwa zikigeuka manjano ndani ya sanduku. Iliyotiwa katika intaneti haiozi. Mtoto huyo atakua, atatafuta kazi, ataposa au ataposwa, na ile picha ya sare iliyotatuka itakuwa ingali ikimngoja. Na Sheria ya Ulinzi wa Data iliyotungwa Kenya mwaka 2019 imetaka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumiwa habari za mtoto. Basi sharia ya dini na sheria ya nchi zimekutana hapa, na mwalimu hana udhuru.

Huenda mtu akasema: "Bila ya picha yenye kutia huruma hapewi mtu kitu." Jawabu letu ni kuwa haja ya darasa yaweza kuelezwa bila ya kumvua mtoto nguo. Na iandikwe kuwa kitabu kimoja cha sayansi husomwa na watoto sita. Na ipigwe picha ya ubao uliopasuka, na ya chumba kisicho na dirisha. Na wapigwe picha watoto wakiwa kazini mwao, wamesimama kama watu, kwa idhini ya wazee wao. Mwenye moyo wa kutoa atafahamu. Na asiyetoa ila amwone mtoto wa watu amefedheheka, mali yake tukiyakosa hatukukosa kitu kikubwa.

Sasa twaingia katika suala la tatu, nalo ndilo zito. Mwalimu asema, nani adhurikaye kwa kuongeza idadi? Kompyuta zitakuja, watoto watasoma, wafadhili watafurahi, na malaika wataandika thawabu. Maneno haya yana utamu, na wengi yamewapitisha. Walakini tukiyafungua twaona ndani yake madhara manne.

Mtu wa kwanza adhurikaye ni mwalimu mwingine. Mali ya ruzuku yana kiasi. Apewapo mmoja, hunyimwa mwingine. Na ndugu yetu huyu alikwisha kutupa ushahidi kwa ulimi wake: mwaka jana aliandika kweli akanyimwa, wakapewa walioongeza. Basi yuajua vyema ni nani aliyedhurika, kwani alikuwa ni yeye! Na sasa ataka mwaka huu awe mwingine, katika skuli nyingine, mwenye watoto wengine ambao nao hawajapata kugusa kompyuta. Dhuluma aliyolia nayo jana ataka kuipokeza leo, na kuiita kheri.

La pili ni lile walilolitaja wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi: kuwa apewaye kitu kwa kudhaniwa kuwa ana sifa fulani, naye hanayo, si halali kwake kukichukua. Aliyepewa kwa kuwa ni fakiri naye si fakiri, au kwa kuwa ni mwanachuoni naye si mwanachuoni, amekula kisicho chake. Basi kompyuta zilizotolewa kwa ajili ya watoto 410 wasiokuwako ni kompyuta za nani? Na mtoto anayesoma juu yake Kurani jioni asomea juu ya kitu gani?

La tatu, uwongo huu haukai peke yake. Mwaka wa kwanza huandikwa idadi. Mwaka wa pili taasisi hutaka ripoti, na ripoti lazima ifanane na idadi. Kisha huja mgeni kutazama, na hapo hukopwa watoto wa skuli jirani wakakalishwa madarasani nusu siku. Sisi tumepata kuyasikia hayo. Na watoto wale, waliokopwa na waliokopewa, wote hufahamu kinachofanyika. Mwalimu asubuhi amewafundisha hisabati, kwamba 260 ni 260, na mchana amewaonyesha kuwa 260 yaweza kuwa 410 ikiwa mgeni ana mkoba mnene. Katika masomo mawili haya, mtoto atalishika la pili.

La nne, kila uwongo mmoja ugunduliwapo hufunga milango mia ya wenye kusema kweli. Ndiyo maana wenye kutoa huzidi kuweka fomu ndefu na masharti mazito, na mwalimu mkweli wa kijijini, asiye na mtu wa kumwandikia, hushindwa na karatasi kabla ya kushindwa na haja. Katika Marekani yenyewe, nchi ya matajiri, waalimu wengi hununua vyombo vya darasa kwa mifuko yao na kuwaomba watu wengine wawasaidie. Mwaka 2000 Charles Best, mwalimu wa historia katika mtaa wa Bronx mjini New York, alianzisha jumuiya iitwayo DonorsChoose kwa ajili hiyo. Mwalimu hueleza haja yake, wapendao huchangia, na jumuiya hununua vitu na kuvipeleka skuli, pasina kumkabidhi mwalimu fedha mkononi. Hawakuweka utaratibu huo kwa kuwa waalimu ni wezi. Waliuweka ili amana ionekane, na aaminiwaye asiingie katika shaka. Nasi waalimu wa dini yenye kuhimiza amana twastahiki zaidi kupenda utaratibu kama huo.

Na akisema mtu kuwa uwongo umeruhusiwa pahala pengine kwa ajili ya maslaha, twamjibu: naam, wanavyuoni wametaja vita, na kusuluhisha baina ya watu, na maneno ya mke na mume. Fomu ya ruzuku hatukuiona katika hayo matatu.

Na sisi tusijitoe katika lawama, maana ni rahisi kumhukumu mwenye kuuliza na kujisahau. Miaka kadha iliyopita tuliletewa barua kama hii ya skuli nyingine, tukaitia sahihi tumesimama mlangoni mwa msikiti, hatukwenda kutazama wala hatukuuliza. Zikaja kompyuta nane. Kulikuwa na siku ya kuzipokea, tukaalikwa, tukaomba dua, tukapigwa picha na wageni, tukala sambusa. Mwaka haukwisha tukapita hapo kwa haja nyingine, tukauliza habari za kompyuta. Chumba kilikuwa kimefungwa. Kijana aliyekuwa akijua kuziendesha alikuwa amepata kazi mjini na kuondoka, naye ndiye aliyekuwa na neno la siri la kuzifungulia. Mbili zilikuwa zimeharibiwa na stima iliyozidi nguvu, na moja ikaambiwa ipo nyumbani kwa mtu wa kamati "kwa kuhifadhiwa." Zilizobaki zilikuwa chini ya shuka zimeshika vumbi. Tulitoka pale tumenyamaza. Sahihi yetu ilikuwa juu ya karatasi ile, na hatukuweza kuifuta. Ndiyo sababu safari hii tulimwambia mwalimu atupe muda.

Tangu siku ile tumekuwa tukikifikiri kisa alichokipokea Abu Daud, cha mtu wa Kiansari aliyekuja kuomba. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwuliza kwanza ana nini nyumbani kwake. Akawa na tandiko na bakuli. Vikaletwa, vikauzwa kwa dirhamu mbili. Moja akanunulia chakula cha jamaa zake, na ya pili akanunulia shoka. Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia aende akakate kuni na asimwone kwa siku kumi na tano. Mtu yule akarudi amechuma dirhamu kumi.

Tazameni, ndugu zetu, mpango uliomo katika kisa hiki kifupi. Kwanza aliulizwa alicho nacho kabla ya kupewa asicho nacho. Kisha alipatiwa chombo cha kazi, na chombo kikatiwa mpini. Kisha akawekewa muda, na mwisho wa muda akaja kuleta hesabu. Na wazee wetu Waswahili wamesema shoka lisilo mpini halichanji kuni. Zile kompyuta nane zilikuwa mashoka manane yasiyo mipini.

Wala hili halikutupata sisi peke yetu. Mwaka 2005 bwana mmoja mtaalamu wa Marekani, Nicholas Negroponte, aliutangazia ulimwengu mpango wa kompyuta ndogo ya bei ya dola 100 kwa kila mtoto wa nchi masikini. Bei hiyo haikufikiwa, lakini kompyuta zilitengenezwa, na nchi ya Peru ikanunua kwa mamia ya maelfu. Wataalamu wakazifuatilia skuli 319 za msingi za mashambani, na mwaka 2012 wakaeleza waliyoyaona: watoto walikuwa na kompyuta na walizitumia, lakini katika hisabati na lugha hawakuwazidi wenzao wasiokuwa nazo. Na hapa kwetu Kenya, mwaka 2013 wananchi waliahidiwa katika uchaguzi kuwa kila mtoto wa darasa la kwanza katika skuli za serikali atapata kompyuta. Zabuni ya kwanza ikavunjika, na mwaka 2016 ndipo vishikwambi vilipoanza kufikishwa skulini. Pahala penye mwalimu aliyefunzwa na umeme wa kutegemewa vilifaa. Pasipokuwa na hayo, vilikaa makabatini.

Na kwa upande wa pili, tumtazame Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia katika skuli ya Keriko, wilaya ya Nakuru ya zamani, aliyepewa tuzo ya dola milioni moja ya waalimu wa ulimwengu huko Dubai mwaka 2019. Yeye si Muislamu. Ni mtawa wa Kikatoliki. Lakini hikima ni kitu kilichompotea muumini, popote aionapo ni yake. Skuli yake ilikuwa na kompyuta moja tu na intaneti isiyotegemeka. Akawa huenda mwenyewe kwenye maduka ya intaneti, akahifadhi masomo ndani ya kompyuta, kisha akayarudisha darasani wanafunzi wayaone bila ya kuhitaji intaneti. Na sehemu kubwa ya mshahara wake akawapa wenye haja. Huyu alianza kwa tandiko na bakuli alilo nalo, na mpini aliutia mwenyewe. Mali yalipokuja yalikuta kazi imekwisha kusimama.

Hatusemi kuwa kompyuta hazifai. Tumechoka na wale wazee wenzetu waliosema hivyo hivyo juu ya ubao, na juu ya deski, na juu ya kumsomesha mtoto wa kike. Ulimwengu wa leo, asiyejua kompyuta hata barua ya kazi haandiki. Tusemalo ni kuwa chombo hakishiki pahala pa mwalimu, na ruzuku haishiki pahala pa jamaa.

Na neno hili la mwisho ndilo lituumizalo zaidi. Mwalimu yule kwa nini alikwenda kuomba ng'ambo ya bahari? Kwa sababu alipotuomba sisi wa karibu, tulimpa dua. Mji huu haukuwa hivyo. Chuo cha ufundi cha Waislamu cha Mombasa, kilichoanza kuchukua wanafunzi mwaka 1951, kilisimama kwa michango ya Sultani wa Unguja, na ya Aga Khan, na ya jamaa wa Kibohora, na ya serikali ya Kiingereza ya wakati huo, na ardhi yake ilitolewa na tajiri wa mji huu huu. Chuo hicho kikageuka kuwa politekniki mwaka 1972, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Kilipokea mali ya mgeni, naam, lakini kilikuwa na shina hapa nyumbani. Na kabla ya hapo wazee wetu waliacha nyumba na mashamba wakfu, ili kodi yake iwashe taa za misikiti na ilipe waalimu.

Basi kwa nini leo wakfu zetu hazifikirii darasa? Kompyuta yenyewe yaweza kuwekwa wakfu, maana madhehebu yetu hukubali wakfu wa kitu kihamishikacho maadam manufaa yake yapatikana na dhati yake yabaki. Lakini umri wa kompyuta ni mfupi. Lililo bora ni duka moja dogo la kukodisha, liwekwe wakfu kwa ajili ya skuli, kodi yake ya kila mwezi imlipe fundi, na inunue betri, na imfunze mwalimu wa pili asije akaondoka wa kwanza na neno la siri. Huo ndio mpini. Mgeni atatupa shoka, wala si lazima atupe na mpini.

Kwa ufupi, jawabu letu kwa ndugu yetu mwalimu ni hili. Kuomba kwako kwafaa, maadam wabeba mzigo wa wengine, na maadam unaomba kiasi cha mzigo. Picha za watoto na ziwe za heshima na kwa idhini ya wazee wao, au zisiwepo. Idadi na iwe ya kweli, ijapokuwa kwa kweli hiyo utanyimwa mara ya pili, kwani aliyenyimwa kwa kusema kweli hakupungukiwa na kitu mbele ya Mola wake, na aliyepewa kwa uwongo hakupewa. Na kabla ya kuituma fomu, skuli na ijiulize: ni nani atakayezifunza, nani atakayezitengeneza, na ufunguo utakuwa kwa nani?

Na jawabu letu kwa wenye kushuhudia, na sisi ni katika wao, ni kuwa sahihi ni shahada. Asiyekwenda akaona kwa macho yake asishuhudie.

Wiki mbili baada ya usiku ule tulikwenda skuli ile asubuhi, sisi na wenzetu wawili wa darasa, ili tutimize watatu. Tukapita chumba kwa chumba tukihesabu. Watoto walikuwa 257. Watatu wakaambiwa ni wagonjwa. Mwalimu akaandika fomu mpya mbele yetu, akatia 260, na pahala pa picha akatia picha ya chumba. Nasi tukatia sahihi. Kisha tukawaomba wazazi wakutane siku ya Ijumaa baada ya sala, na mwenye duka mmoja wa mtaa akasema chumba chake cha nyuma, alichokuwa akiwekea magunia, atakipangisha na kodi yake aitoe kwa skuli mwaka mzima, tuone.

Mpaka twaandika haya, jawabu la ruzuku halijaja. Lakini kodi ya mwezi wa kwanza imeletwa, na mwalimu amenunua kompyuta moja iliyokwisha kutumika. Watoto wa darasa la nane huikalia kwa zamu, watano watano.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi.